Fundi kaninyooshea kachori mbele ya watu, na pikipiki kaiharibu

Kiguru_wa_Fuoni:

Sina salamu. Nimetoka sasa hivi kwa fundi, yule yule, mnamjua nyote msijifanye. Yule wa chini ya mwembe mwenye redio ya taarabu isiyozimwa. Nusu ya pikipiki za Mjini zimepita mikononi mwake, na nusu nyengine bado zipo kwake zinasubiri "spea kutoka Dar".

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umefungwa shingoni, maana nilianguka barabara ya Fuoni. Masika, mchanga umesombwa mpaka katikati ya lami, daladala ya mbele ikasimama ghafla kumpakia bi mkubwa na ndoo yake. Mie chini. Mtulinga ukavunjika, goti likachunika, eksozi ikanichoma shavu la mguu. Hayo ya Mungu, sina ugomvi nayo. Daktari kasema mkono ukae shingoni wiki sita, nao umekaa. Bima yangu ni ile ndogo, analipwa uliyemgonga, wewe mwenyewe ukianguka unaambiwa pole. Kwa hivyo nilitaka matengenezo ya bei ya mtu wa kawaida. Hilo ni kosa?

Boxer yenyewe haikuumia kunishinda mie. Taa ya mbele ilipasuka, mkono wa klachi ulikatika, indiketa moja ikabaki inaning'inia kwa waya, na usukani ulikuwa unatazama Amani wakati tairi linatazama Bububu. Fundi akainama, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. "Shokapu zote mbili zimekufa. Laki tatu na nusu." Nikamkopa shemeji. Siku hizi shemeji akinipigia anauliza hali ya pikipiki kwanza, mtulinga baadaye.

Leo nakwenda kuichukua. Shokapu ni zile zile! Zile zile zangu, na stika ya katuni aliyobandika mwanangu bado ipo, imepakwa rangi juu juu, sikio moja la paka linaonekana. Mtoto wa jirani akanisukumia hatua mbili tatu, pikipiki inakwenda ubavu ubavu kama kaa. Nikamwambia kwa adabu kabisa, fundi, mbona hivi?

Sasa nisikilizeni hapa. Alikuwa anakula urojo. Bakuli hakuweka chini. Akaichota kachori, akaninyooshea, mie, kachori, akauelekezea huu mkono wangu, akasema kwa sauti baraza zima lisikie: "Wewe umetibiwa bure, umepona? Hujapona. Sasa hii unataka ipone leo?"

Baraza likaanguka. Muuza kahawa aliweka dele chini ili acheke vizuri. Kuna mzee pale hajacheka tangu Mapinduzi, leo kacheka.

Na ile kachori ikadondosha ukwaju juu ya tangi langu. Tangi! Mahali pekee palipokuwa hapana mkwaruzo. Wallahi laki tatu na nusu nasamehe. Kachori sisamehi.

VespaYaBabu:

Pole sheikh. Lakini hapo pa "umepona?" kakupata.

Kiguru_wa_Fuoni:

Kanipata wapi? Mfupa unaunga wenyewe, shokapu inaunga wenyewe? Kaninyooshea KACHORI.

Nati_kumi_na_nne:

Ndugu, umeliwa. Usukani ukienda kombo baada ya kuanguka usikimbilie kusema shokapu zimekufa. Mara nyingi zimejipinda tu ndani ya T, kile chuma kinachozishika shokapu hapo chini ya usukani. Unalegeza nati za T ya chini na ekseli ya tairi la mbele, unalibana tairi kwa magoti, unauvuta usukani mpaka ukae sawa, unakaza. Hata chai haijapoa. Kama unashuku bomba lenyewe limepinda, livue uliviringishe juu ya kioo, likicheza ndiyo limepinda. Limepinda kidogo linanyooshwa kwa presi. Likishafanya kunjo, tupa, na asikudanganye mtu kulichomelea, litakatika siku unashika breki. Mkono wa klachi ni kitu cha bei ndogo na unafungwa na mtu yeyote mwenye spana. Taa tafuta mtumba.

Kiguru_wa_Fuoni:

Kwa hivyo nimelipa laki tatu na nusu kwa kazi ya magoti? Na rangi juu ya paka? Na ukwaju juu ya tangi? Jamani mie nalala nikiiona ile kachori.

Shangazi_Mpendae:

Mwanangu pole sana. Helmeti uliyoanguka nayo iko wapi? Ikishagonga chini haivaliwi tena, hata kama haina ufa nje, ndani imeshabonyea. Na huo mkono usiende ukachuliwa na kila mtu anayejua kuchua, mfupa ukihama mahali pake utajuta. Halafu wewe na huo mtulinga ulikuwa unaifuata pikipiki ya nini? Ungeipanda vipi?

Kiguru_wa_Fuoni:

Nilikwenda kuichukua, shangazi, sikusema nilikwenda kuipanda. Mtoto wa jirani angeiendesha.

VespaYaBabu:

Mtoto wa jirani ana leseni?

Kiguru_wa_Fuoni:

Uzi huu ni wa fundi.

Konde_Asilia:

Nyie wa Unguja mnalia na shibe. Fundi wenu kadanganya spea, sie huku Pemba fundi mkweli na spea hakuna. Nimeagiza rimu, limekaa kwa muuzaji, likakaa bandarini, bahari ikachafuka, boti haikuja. Lilipofika Mkoani lilikuwa limepinda kuliko lile nililolitoa, kuna mtu kaliwekea magunia juu. Nikamuuliza mpakizi, akaniambia yeye kapakia magunia, rimu halikumbuki. Fundi wangu masikini kakaa na spana kulisuka njiti moja moja mpaka Magharibi. Bado linayumba, lakini huyu angalau kaniomba radhi kwa kosa lisilo lake.

VespaYaBabu:

Mie yule wenu wa mwembe nilimpa Vespa asafishe kabureta tu. KABURETA. Jumapili niko Nungwi na wageni, namwona anapita na Vespa yangu, mke nyuma, mtoto mbele, madumu mawili pembeni. Kanipungia mkono! Nilipomuuliza akasema alikuwa anaijaribu. Kutoka Mjini mpaka Nungwi anajaribu kabureta. Petroli yangu.

Kiguru_wa_Fuoni:

Angalau hakukunyooshea kitu.

Mgeni_mpya_007:

Mie huyo fundi simjui hata kidogo. Lakini haki isemwe, mteja alipewa bei ya kirafiki, na hela nyingine bado hajamaliza kulipa. Shokapu zilitengenezwa ndani, sili mpya na oili mpya, ndiyo maana nje zinaonekana za zamani. Na ile ilikuwa badia, si kachori.

Nati_kumi_na_nne:

😂😂😂 Umejiunga leo ndugu.

Shangazi_Mpendae:

Fundi zima hiyo redio utuskie vizuri.

Kiguru_wa_Fuoni:

ILIKUWA KACHORI. Ya mviringo, ya kiazi, imevimba. Mie badia siijui? Na kama sili ni mpya mbona oili inavuja mpaka kwenye breki? Njoo hapa kwa jina lako la kweli.

Mgeni_mpya_007:

Simjui huyo fundi. Aje kesho nitaangalia. Yaani ataangaliwa.

Pwani_Mchangani:

Mie nimeusoma uzi wote na swali langu ni moja. Urojo saa ngapi hiyo? Kasema katoka sasa hivi, na uzi umefunguliwa saa nne asubuhi. Nani Mjini anauza urojo saa nne asubuhi?

Konde_Asilia:

Hapo ndipo uongo unapoanza.

Kiguru_wa_Fuoni:

Sio uongo, muulizeni muuza kahawa! Mnanijadili mie kachori na mtu kanila laki tatu na nusu!

VespaYaBabu:

Wewe ndiye uliyesema laki unasamehe.

Shangazi_Mpendae:

Mafundi wote baba mmoja. Wangu wa cherehani nilimpa vitambaa vya Idd tangu mfungo haujaandama. Usiku wa kuamkia sikukuu ananiambia umeme ulikatika. Nguo za wanangu watatu kashona kwa kipimo kimoja, yule mkubwa alikwenda sala na kanzu ya magotini. Halafu ananiambia ndiyo sunna, isiburure chini.

Nati_kumi_na_nne:

Shangazi huyo wa Kikwajuni? Mwenye mashine mbili na saa ya ukutani iliyosimama?

Shangazi_Mpendae:

Huyo huyo! Na wewe?

Nati_kumi_na_nne:

Suti ya harusi. Mkono mmoja mrefu. Picha zote nimekaa ubavu.

Pwani_Mchangani:

Turudi kwenye urojo. Ukwaju peke yake si urojo. Urojo ni embe mbichi, ndimu, unga usiwe mzito, chipsi za muhogo juu na chatne ya nazi. Akikuwekea ukwaju mtupu huyo anakimbiza kazi.

Konde_Asilia:

Embe zikikosa msimu ufanye nini? Ukwaju upo siku zote. Nyie mnajifanya mmezaliwa ndani ya bakuli.

Kiguru_wa_Fuoni:

Kuna mtu ana taa ya Boxer mtumba? Nauliza kistaarabu.

Pwani_Mchangani:

Msimu ukikosa unasubiri msimu. Pale Jang'ombe kuna mama anatia embe na mishikaki miwili, hakuachi na njaa. Nakwenda jioni, nani anakuja?

VespaYaBabu:

Mie nipo. Ila Vespa iko kwa fundi tena.

Shangazi_Mpendae:

Nileteeni na mie, pilipili kando.