Kwa nini urembo wa majengo ya barabara ya Gran Vía, Madrid, umelundikwa penye kona?

Mpenda Kuta:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika picha za jengo la Metrópolis mjini Madrid, lililozinduliwa mwaka 1911 pale Gran Vía inapoanzia kutoka mtaa wa Calle de Alcalá, naona kuba jeusi lenye nakshi za dhahabu, nguzo na sanamu, vyote vimekusanyika kwenye kona ya mviringo. Je, ni urembo tu, au umbo la kiwanja ndilo lililoamua?

Fundi Ramani:
Ndugu Mpenda Kuta, kiwanja ndicho kilichotangulia. Nyuma ya jengo hilo upo mtaa wa kale, Caballero de Gracia, unaoifikia Alcalá kwa mshazari na kuacha ncha kali kama kabari, na kabla ya Metrópolis ncha hiyo ilikuwa na nyumba nyembamba kiasi kwamba watu waliiita Nyumba ya Jeneza. Ukijenga kwa kuifuata ncha, unapata chumba ambacho hata kabati halikai sawasawa ukutani. Ukiizungusha, unapata ukumbi wa duara wenye madirisha yanayotazama njia zote mbili. Wasanifu Jules na Raymond Février, Wafaransa, walilielewa hilo vyema, na mimi naliona kuwa suluhisho zuri kuliko kuba lenyewe.

Bi. Mkubwa wa Mawe:
Nakubaliana nawe, mwanangu, ila tusimsahau mwenye nyumba. Aliyejenga ni kampuni ya bima, La Unión y el Fénix, ambayo nembo yake ilikuwa feniksi, ndege wa hadithi za kale, naye akasimamishwa juu kabisa ya kuba ili anayepanda Alcalá amwone kutoka mbali. Jengo lilipouzwa katika miaka ya 1970, kampuni iliondoka na sanamu yake, na mahali pake pakawekwa sanamu ya Ushindi mwenye mabawa, anayeonekana hadi leo. Kwa hiyo kona ilikuwa pia tangazo, tena la gharama kubwa.

Fundi Ramani:
Ni kweli kabisa, Bi. Mkubwa. Hata mtindo ulipobadilika, kona haikupuuzwa: jengo la Carrión, lililokamilika mwaka 1933 karibu na uwanja wa Callao, halina kuba wala nguzo, bali kona yake imepindwa kwa ulaini kama omo ya meli, na mistari ya madirisha inaizunguka bila kukatika.