Naomba ushauri, mpira wa mtoto kichwani umeziba mara ya pili

Habari zenu wakuu, niko Dodoma, mwanangu ana miaka 2 alizaliwa na kichwa maji, aliwekewa ule mpira wa kushusha maji kutoka kwenye ubongo mpaka tumboni, sasa umeziba tena na tumelazwa hapa tangu jana, moyo unaniuma jamani. Shemeji anasema nje ya nchi kuna roboti ya kusaidia upasuaji wa ubongo inaitwa ROSA, daktari anapanga njia ya kupitisha mpira kwenye picha za ndani ya kichwa (CT au MRI) alafu mkono wa roboti unashikilia uelekeo, ila anayetoboa ni daktari mwenyewe. Baba mtoto anataka tuuze shamba la alizeti tumpeleke. Je hiyo roboti itazuia mpira kuziba kweli? Au niulizie ile operesheni ya kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera, bila kuweka mpira? Aliyepitia anisaidie.