Fundo gani la kufungia ndoana kwa anayeanza?

Mgeni wa Mshipi: Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kuvua kwa mshipi wa mkono huku Kigamboni, natafuta changu na tasi miambani. Natumia nailoni ya milimita 0.40 na ndoana ndogo zenye tundu. Shida yangu ni fundo: samaki akivuta kidogo tu, anaondoka na ndoana. Nimetazama video, kila mtu anasifia fundo lake. Nianze na lipi?

Risasi: Mkuu, kwanza tazama ncha ya mshipi uliorudi mkononi. Ikiwa imejiviringa kama springi, fundo liliteleza likafunguka. Ikiwa imekwaruzika na kuchanika, huo ni mwamba au meno, na fundo lolote lingeshindwa.

Mgeni wa Mshipi: Imejiviringa, karibu kila mara.

Risasi: Basi jifunze fundo la kuzungusha. Pitisha mshipi kwenye tundu, acha mkia wa kutosha, kama urefu wa kiganja. Uzungushe mkia huo kwenye mshipi mara 5. Rudisha ncha, ichomeke kwenye kitanzi kidogo kilichobaki pale juu ya tundu, halafu ipitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Hatua hii ya mwisho wengi wanaiacha, na ndiyo inayozuia kuteleza. Lowesha kwa mate, kisha vuta taratibu mpaka mizunguko ilale pamoja. Ukikaza pakavu, nailoni inapata joto kwa msuguano na kudhoofika palepale. Mkia ukate ubaki kama milimita 3.

Bi Tasi: Mie ningemwanzisha na la kitanzi, hata gizani unalifunga. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu, piga fundo la kawaida bila kukaza, halafu ingiza ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha, vuta nyuzi zote mbili pamoja.

Sangara wa Ziwa: Namuunga mkono Bi Tasi. Huku Mwanza natumia uzi wa kusokotwa, na fundo la kuzungusha huteleza kwenye uzi huo. La kitanzi linashika.

Risasi: Kwa nailoni yote mawili yanafaa. Chagua moja, ulifunge nyumbani mpaka vidole vizoee, na ncha ya ndoana uichomeke kwenye kizibo usije ukajidunga. Ukianza kumtafuta nguru hayo ni mengine, yule anakata nailoni kwa meno. Weka kipande cha waya kabla ya ndoana.

Mgeni wa Mshipi: Asanteni sana. Matundu ya ndoana zangu ni madogo, mshipi uliokunjwa haupiti, kwa hiyo naanza na la kuzungusha. Wakati wa kukaza nishike ndoana kwa koleo?

Bi Tasi: Ndiyo mwanangu, koleo, au itege kwenye msumari. Kisha uvute kwa nguvu kabla hujaweka chambo. Likifunguka, kata kile kipande kilichojikunja na ufunge upya kwenye nailoni iliyonyooka.