Mbalanga ya binti wa dada: tumlete Ulaya?

Jambo kwenu bandugu. Dada yangu anaishi Lubumbashi, kule Katuba. Binti yake wa miaka 14 ametokwa na mabaka meupe usoni na mikononi, na bado yanaongezeka. Kliniki moja ya huku imemwahidi sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), eti rangi yote itarudi. Familia imeshaanza kuchanga. Viza ya matibabu tuianzie wapi?

—

Mdogo wangu, pole sana. Nafanya kazi ya uuguzi idara ya ngozi, na nakuomba: simamisheni mchango kwanza.

Mtoto aonwe na daktari wa ngozi hapo hapo Lubumbashi. Baka la ukoma nalo hupoteza rangi, ila hufa ganzi. Ukoma bado upo Kongo, na dawa zake ni za bure.

Kama ni mbalanga, basi kinga ya mwili wake ndiyo inayoua seli za rangi. Hakuna sindano ya seli shina iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, Ulaya wala Marekani. Kilichopo kweli ni kupandikiza seli za mgonjwa mwenyewe: hukatwa kipande chembamba cha ngozi, seli zake hutenganishwa kwa kimeng'enya (protini inayoachanisha seli), kisha humwagwa juu ya baka lililokwanguliwa. Marekani iliidhinisha kifaa cha kazi hiyo, RECELL, mwaka 2023, kwa watu wa miaka 18 na zaidi ambao mabaka yao yametulia. Ya binti yetu bado yanatembea. Seli mpya huenda zikauawa kama za kwanza, na pesa za dada zikapotea.

Kwa umri wake muulizie mafuta ya ruksolitinibu, Opzelura. Ulaya iliyakubali mwaka 2023, kuanzia miaka 12, kwa mbalanga ya kawaida iliyofika usoni. Hupakwa mara mbili kwa siku. Katika majaribio, baada ya wiki 24, kama asilimia 30 ya wagonjwa walirudishiwa robo tatu ya rangi ya uso au zaidi. Ni ghali, na wengi hawakufika hapo. Mwambie dada hivyo waziwazi. Matibabu ya mwanga wa UVB (aina ya miale iliyomo kwenye jua) nayo husaidia.

Viza ije baadaye. Ubalozi utataka barua ya hospitali na makadirio ya gharama.

—

Asante sana Yaya. Nimempigia dada, mchango umesimama. Aliye Lubumbashi na anamjua daktari mzuri wa ngozi, tafadhali aniandikie.