Vibao kwenye maeneo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Taita Taveta: tuanzie wapi?

Kumbukumbu_Mwatate
Habari zenu wana jukwaa. Kikundi cha wenyeji kinataka kuorodhesha maeneo ya vita kati ya Voi na Taveta (Maktau, Mbuyuni, Salaita, Latema na Reata) na kuyawekea vibao. Mahandaki yanalimwa, mawe ya ngome yanabebwa kujengea nyumba. Orodha iandikweje ili ikubalike rasmi? Jiwe lililofifia maandishi linasafishwaje? Na kibao gani kitahimili ndovu na wezi wa vyuma chakavu?

Karani_wa_Ramani
Andikeni na kupiga picha kabla ya kufyeka hata nyasi. Kila eneo liwe na karatasi yake: jina wanalotumia wenyeji, jina la kwenye ramani za zamani, vipimo vya GPS vyenye desimali 5 (hapo ni usahihi wa kama mita 1), urefu na kina cha handaki, hali yake, na mwenye ardhi. Picha ziwe nne angalau: ya mbali, ya karibu, ya maandishi, na moja yenye rula kando.

Maandishi nakilini herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Isiyosomeka wekeni nukta, msiijaze kwa kukisia. Herufi zilizofifia husomeka vizuri usiku, tochi ikimulika kutoka ubavuni hadi mwanga ukaribie kulala juu ya jiwe. Wengi hupaka chaki au unga. Msithubutu, chembe zake huingia kwenye vitundu vya jiwe na hazitoki tena.

Kisheria, mnatumia Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006: eneo hulindwa likishatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Pelekeni nakala Makavazi ya Kitaifa na nyingine kaunti, zikiambatana na idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi. Bila idhini hiyo, kibao hung'olewa. Makaburi ya Voi, Taveta na yale ya Wahindi Maktau yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hayo msiyasafishe wenyewe. Wapelekeeni picha ya kasoro mliyoiona.

Mkikuta ganda la bomu, hata lililoliwa na kutu, msiliinue. Wekeni alama mita kadhaa kando na mwite polisi.

Fundi_Chokaa
Kwa mawe yasiyo ya Tume: maji safi, brashi laini ya nailoni na kijiti cha mwanzi cha kutoa udongo kwenye herufi. Lowesheni kwanza, sugueni kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha suuzeni. Brashi ya waya huacha vyuzi vinavyoshika kutu. Ndimu, siki na asidi ya betri huyeyusha jiwe la chokaa, na mashine ya kuoshea magari hubandua uso wake. Jiwe likimomonyoka kama unga ukiligusa, acheni kabisa.

Nyufa msizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini na hufungia maji ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache ya mvua jiwe lenyewe ndilo hupasuka. Tumieni chokaa na mchanga safi, 1 kwa 3, na funikeni kwa gunia bichi siku kadhaa ili isikauke haraka.

Kibao cha shaba huibwa, mbao huliwa na mchwa, na nguzo ndefu ndovu huigeuza ya kujikunia. Chongeni kwenye graniti unene wa sentimita 3, ilazwe kwa mteremko juu ya kitako kifupi cha zege (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4), msingi sentimita 60 kwenda chini, bila bolti inayoonekana. Kitako kisimame nje ya handaki. Kuchimba ndani yake ni kuharibu kile mnachokilinda.

Msoma_Faili
Tarehe zihakikiwe kabla ya kuchonga, maana graniti haifutiki. Wajerumani waliingia Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Mapigano ya Salaita ni 12 Februari 1916. Latema na Reata ni 11 na 12 Machi 1916. Mkiona kaburi la baada ya 11 Novemba 1918, siku vita vilipokoma Ulaya, msidhani ni kosa: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, na Tume huhesabu vifo vya kijeshi hadi 31 Agosti 1921.

Katika Jeshi la India, lililopigana upande wa Waingereza, miili ya Wahindu na Masingasinga waliokufa kwa kawaida ilichomwa. Majina yao yatafuteni kwenye minara ya kumbukumbu, si makaburini.

Kumbukumbu_Mwatate
Asanteni sana. Na wapagazi? Hatuoni jina lao popote.

Msoma_Faili
Hapo ndipo kibao chenu kina kazi kubwa zaidi. Sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, ila haziwataji kwa majina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au huenda hawakukumbukwa kabisa. Waulizeni wazee kila kijiji: jina, jina la baba, ukoo, alikochukuliwa, kama alirudi. Andikeni aliyesema na siku aliyosema. Majina yaliyothibitishwa na familia mbili au zaidi yachongwe. Mengine yabaki daftarini, na kwenye jiwe acheni nafasi tupu chini ya orodha.