Vichupo (tabs) 40 vimeondoka kwa bonyezo moja, naombeni msaada

KalamuButu
Wakuu, habari za jioni. Natumia kompyuta ya Windows, kivinjari ni Chrome. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, kwa hiyo kutwa nafungua kurasa za kuhakiki hiki na kile. Vichupo vinafika 40, majina hayasomeki tena, zimebaki nembo tu. Leo nilitaka kufunga kimoja, mkono ukateleza, nikabofya X ya dirisha zima. Kwisha habari. Nimeanza kuvisaka kwenye historia kimoja kimoja, nimechoka. Kuna namna? Na kama mna njia za mkato nyingine, nimwagieni. Nazojua mimi ni kunakili na kubandika basi.

PanyaBuku
Pole mkuu. Achana na historia. Fungua kivinjari, bonyeza Ctrl+Shift+T. Dirisha linarudi na vichupo vyake vyote. Kama hapo katikati ulishafungua na kufunga vingine, endelea kubonyeza: cha mwisho kufungwa ndicho cha kwanza kufufuka. Edge na Firefox nako ni hiyo hiyo.

KalamuButu
Vimerudi! Nimepiga kelele hadi watu wakaja kuuliza kulikoni. Ila kuna fomu nilikuwa nimeijaza nusu, imekuja tupu.

MamaKibodi
Hiyo sahau, mwanangu. Ukurasa unapakiwa upya, ulichoandika si lazima kirudi. Maandishi marefu yaandike pembeni kwanza, kisha ubandike. Na dirisha fiche (incognito, lile lisilohifadhi historia) likifungwa, hata ubonyeze hadi kidole kiote sugu, halifufuki.
Ingia pia kwenye mipangilio, sehemu ya kuwasha kivinjari, chagua kiendelee pale ulipoachia.

PanyaBuku
Sasa kwa hali yako ya vichupo 40, dawa ni Ctrl+Shift+A. Inakuja orodha ya vyote vilivyo wazi. Andika herufi chache za jina, piga Enter, umefika. Mimi hii ndiyo iliyonibadilisha, hizo nyingine ni nyongeza. Ctrl+L inakupeleka kwenye sehemu ya anwani pale juu bila kugusa kipanya. Ctrl+1 mpaka Ctrl+8 ni vichupo kwa namba zake kuanzia kushoto, ila Ctrl+9 si cha tisa, ni cha mwisho kabisa hata kama viko 40. Na kiungo kikibofywa kwa gurudumu la kipanya kinafunguka kwenye kichupo kipya. Ukibofya kichupo chenyewe kwa gurudumu, kinafungwa.

SinaHaraka
Mnampa mgonjwa wa sukari keki. Vichupo 40 vya nini? Unachotaka kusoma kesho kiwekee alamisho (bookmark) kwa Ctrl+D, ukifunge.

PanyaBuku
Alamisho ni makaburi, mkuu. Lini mara ya mwisho umefungua zako?

SinaHaraka
😂 Hapo umenishika.

MamaKibodi
Wa Firefox, dawa yenu iko kwenye sehemu ya anwani: andika %, acha nafasi, kisha neno. Inatafuta katika vichupo vilivyo wazi tu. Ukiweka * inatafuta alamisho, ^ inatafuta historia.
Na siku maandishi yakiwa makubwa ghafla kama ya bango, kivinjari hakijaharibika. Umeshikilia Ctrl huku ukizungusha gurudumu. Ctrl+0 inarudisha. Nimeshaitwa mara nyingi mno kuja "kutengeneza" kitu hicho.

TufaaKavu
Sisi wa Mac je?

PanyaBuku
Nyingi weka Command mahali pa Ctrl. Ila chunga: Command+W inafunga kichupo, na Q iko jirani yake pale pale, hiyo inazima kivinjari chote. Kwenye menyu ya Chrome ya Mac kuna chaguo la kuonywa kabla ya kuzima. Liwashe leo hii.

KalamuButu
Ctrl+Shift+A imeniumbua. Nimeandika "kamusi" nikakuta ukurasa ule ule nimeufungua mara sita. Nivifunge vipi bila kukitembelea kila kimoja?

PanyaBuku
Kwenye orodha hiyo hiyo, kila mstari una X yake kulia. Funga vitano, bakiza kimoja. Na safari hii angalia ni X ipi unayobofya.