Dawa ya kusukutua inaharibu jino lililozibwa kwa dawa nyeupe?

MtuWaWete: Assalamu alaykum wanabaraza. Mwezi wa Shaaban nilizibwa jino la mbele hapa Pemba, kwa ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya buluu. Likatoka zuri, hata mke wangu hakujua ni lipi. Sasa pembeni pameingia mstari wa kahawia, kama kikombe cha kahawa kilicholala bila kuoshwa. Nasukutua asubuhi na usiku kwa dawa ya chupa. Jirani kanambia dawa hizo zina spiriti, ndiyo inayoliyeyusha. Kweli? Pesa ya kuliziba upya sina.

KahawaTungu: Yakhe, spiriti waitia kinywani? Kata mswaki wa mti ulale zako.

BintiMkoani: Wa alaykum salaam. Nafanya kazi kliniki ya meno. Jirani hajakosea sana. Dawa ile ya kuzibia ni utomvu wa kiplastiki uliochanganywa na chembe ndogo za kioo. Spiriti huulainisha utomvu, uso ukakwaruzika na kunywa rangi, na zipo chupa zenye spiriti zaidi ya 20%. Lakini majaribio mengi ni ya maabara, vipande vimelowekwa saa nyingi. Wewe unasukutua nusu dakika, kisha mate yanaosha. Kuyeyuka, haliyeyuki. Hebu soma chupa yako ina nini.

MtuWaWete: Nimeisoma kwa tochi ya simu. Spiriti haimo. Imo klorheksidini 0.2%, ile ya kuua vijidudu. Nilipewa fizi zilipokuwa zikitoka damu, zikapoa, nikaendelea kununua mwenyewe. Huu ni mwezi wa tatu naitumia.

BintiMkoani: Loh! Hiyo kwa kawaida hupewa mtu wiki mbili hivi. Inanata kwenye meno, ukinywa chai au kahawa rangi inaganda juu yake, na kwenye ukingo wa dawa ya kuzibia ndiko inakopenda zaidi. Angalia nyuma ya meno ya chini kama nako imeganda. Likiwa doa la juu tu, daktari analing'arisha, halizibwi upya. Pitisha ukucha taratibu: ukinasa, huenda pamefunguka na jino linaoza kwa ndani, usingoje. Hata usiponasa, lipelekwe likaangaliwe. Na tafadhali usilisugue kwa mkaa wala ndimu, wengi huja kwetu baada ya hapo.

KahawaTungu: Kahawa nayo imeingizwa kesini!

MtuWaWete: Ukucha haunasi. Nyuma ya meno ya chini kweli pamepiga weusi, nilidhani uzee. Jumatatu nateremka Chake. Chupa nishaiweka kando. Kahawa, KahawaTungu, siachi.